Hakuna Neno Baya

1

Siwema ndiye mtu pekee katika ghorofa ile ambaye ungemwita jina akageuka. Wengine wote, kazi ikishaanza, walikuwa wamevuta Pazia, na kumwita mtu aliyevuta Pazia ni kujichosha koo bure.

Pazia lenyewe lilikuwa kitu kidogo tu, kipande laini kinachokaa nyuma ya sikio. Ukikibonyeza, kelele zinapungua mpaka zinakwisha, pembeni mwa macho panaingia ukungu, unabaki wewe na kioo cha kazi yako. Mhudumu anaweza kupita mgongoni kwako na sinia la chai, anaweza hata kuanguka nalo, wewe huna habari. Siku moja alianguka kweli. Siwema ndiye aliyeokota vikombe.

Kampuni ya Mizani ilikuwa inaipangia miji ya Kanda ya Kati mgao wa maji, na ofisi zake zilikuwa Dodoma, katika jengo refu ambalo upepo wa kiangazi haukuacha kulipigia mbinja. Kabla ya Pazia, watu wa mahesabu walikuwa wakikatizwa kutwa nzima. Wakaletwa wataalamu, wakakaa pembeni wakipima, na mwisho wakasema kwamba mtu akikatizwa, akili yake inachukua karibu nusu saa kurudi ilipokuwa, na mara nyingine inarudi mahali pengine kabisa, ndipo mtaa mmoja unapofunguliwa maji yaliyokusudiwa mtaa mwingine. Walipotafuta kinachowakatiza watu zaidi ya vyote hawakukuta simu wala vikao. Walikuta salamu. Hakuna aliyeweza kupita meza ya mwenzake bila kuuliza habari za nyumbani, watoto, mvua na mguu wa shangazi.

Basi salamu zikatolewa ofisini, na ili ndugu na wateja wasijione wamepuuzwa, kila mfanyakazi akapewa Kaimu, sauti ya mashine ya kumwakilisha. Kaimu alikuwa na sauti ya mwenyewe, kikohozi chake na namna yake ya kuvuta maneno. Alipokea simu, akaitikia, akaahidi, akaaga. Alipima uzito wa kila alichoambiwa kwa maneno yaliyotumika, na uzito ukipita kiwango, Pazia lilifunguka lenyewe. Usipopita, na mpigaji aking'ang'ania kuongea na mtu mwenye damu, aliunganishwa na Siwema.

Cheo chake kiliitwa Mlinzi wa Mlango, ingawa mlango wenyewe haukuwepo. Aliweza kufungua Pazia la mtu kwa mkono, lakini sharti kwanza aitamkie mashine sababu, kwa sauti yake, na sababu iwe nzito. Kufungua kwa namna ile watu walikuita kumwaga, kwa kuwa kazi yote iliyokuwa kichwani ilimwagika. Alishamwaga mara moja, kwa Eliaichi wa meza ya dirishani, alipopigiwa kwamba mtoto wake anachemka mwili. Mtoto alikuwa na mafua. Mtaa mzima Singida ukakaa siku mbili bila tone la maji, Siwema akapewa barua ya onyo, na Eliaichi mwenyewe hakumwambia ahsante.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anamtazama usoni asubuhi, naye ni Ndahani, kijana wa Kikombo, mtaratibu, anayevaa sweta hata joto likiwaka. Kabla hajabonyeza Pazia lake alipita kwenye meza ya Siwema na kusema, "Dada Siwema, nakuachia dunia."

"Nitakutunzia," Siwema alimjibu kila siku, na alikuwa anafurahi kusema hivyo.

Siku ninayoieleza, Ndahani alikuwa ameshazama kazini wakati Meneja Lutengano alipotoka chumbani kwake. Alisema Ndahani asiguswe mpaka saa kumi jioni, kazi yake leo ni nyeti. Akaiambia na mashine hivyo hivyo, na mashine ikapandisha kiwango. Siwema hakuuliza ni kazi gani. Kwa Mizani, kazi nyeti maana yake ni watu kukosa maji, na yeye alikuwa bado anaiota Singida.

2

Simu ya kwanza ya Ndahani ilipita asubuhi ile bila kumfikia Siwema. Aliona tu kwenye kioo chake kwamba mama mzazi amepiga, Kaimu amepokea, na hukumu ya mashine chini yake: mazungumzo ya kawaida, yamejibiwa. Siwema akaendelea kunywa chai.

Baadaye kidogo akapiga baba mdogo, Mzee Yoeli. Huyu hakuridhika na Kaimu. Akataka mtu, akaletewa Siwema, naye akamwamkia. Mzee akaitikia, akauliza habari za kazi, za afya, za mvua huko mjini. Siwema akajibu zote, akauliza za nyumbani, akaambiwa nyumbani salama. Wakati wote huo mashine ilikuwa inasikiliza na kuandika kwenye kioo: kawaida, kawaida. Lile la nyumbani salama liliipendeza zaidi, ikateremsha uzito wa simu karibu na sifuri.

Kisha mzee akasema alikuwa anamtaka Ndahani. Alishampigia na wameongea, lakini aliona kama hasikilizwi, kijana anaitikia tu sawa baba mdogo, sawa baba mdogo, kama amelishwa kitu.

"Yuko kazini, baba. Nimwambie nini?"

Mzee alinyamaza. Siwema alisikia jogoo huko nyuma, na mtu anakokota kiti.

"Mwambie aje nyumbani mara moja. Mama yake hajisikii vizuri sana. Hakuna neno baya. Aje tu."

Siwema akaweka kikombe chini. Yeyote aliyelelewa sehemu zile anajua kwamba hakuna anayepigiwa simu kuambiwa hakuna neno baya wakati kweli halipo. Ndivyo watu wanavyopeana nafasi ya kukaa kitako. Habari inaletwa kwa kuzungushwa, mtu anaitwa nyumbani kwa sababu ndogo, njiani anaelewa kidogo kidogo, na akifika akakuta watu wamejaa uani anakuwa ameshalia nusu ya kilio chake. Ni adabu, na ni huruma. Mashine haikufundishwa hiyo. Iliandika: mwaliko wa kifamilia, si wa haraka.

Siwema akamwuliza mzee, kwa unyenyekevu wote alionao, mama hali yake ikoje hasa. Mzee akasema amepumzika, anamwulizia mwanawe. Hapo Siwema akapotea kabisa. Mgonjwa hupumzika na maiti hupumzika, na kumwulizia mwana ni maneno yanayoweza kusemwa kwa yeyote kati yao wawili.

"Baba, naomba unisaidie. Huku kuna mashine, na leo imefungwa kwa nguvu. Haifungui mpaka isikie neno lenyewe. Kama mama amezidiwa sana, sema anakata roho. Kama ni zaidi ya hapo, litaje."

"Nilitaje?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa Kondoa, baba."

"Huko Kondoa mnamtangazia mtu baki, kwenye simu, kabla mtoto hajajua?"

"Hapana, baba."

"Basi."

Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeombwa avue nguo sokoni na bado anajitahidi kuwa mstaarabu. Kabla ya kuaga akaongeza kwamba Ndahani abebe nguo za kubadilisha. Mashine ikaandika: safari, maandalizi ya kawaida.

3

Siwema akaenda kwa meneja. Lutengano hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linaudhi. Alimkaribisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akaukunja uso kama anayeumia, kisha akauliza, "Amesema amefariki?"

"Hajasema, bosi. Lakini ndivyo inavyosemwa."

"Amesema yuko mahututi?"

"Amesema abebe nguo."

Lutengano akamkumbusha mtoto wa Eliaichi, taratibu, bila kumkaripia. Akasema hajakataza Pazia kufunguliwa. Utaratibu upo na unamruhusu Siwema kabisa: aitamkie mashine sababu nzito, ifungue. Kama hana sababu ya kutamka, basi huenda haipo, na saa kumi si mbali. Akarudi kwenye kioo chake. Siwema alitoka akiwa na hasira ya mtu aliyepewa ruhusa asiyoweza kuitumia.

Akaenda kusimama nyuma ya Ndahani. Kioo cha mtu aliyevuta Pazia kinaonekana cheupe kwa mwingine yeyote, kwa hiyo hakuona anachofanya, aliona tu vidole vyake vinavyokwenda na kurudi, na ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kumgusa bega hakukuwa na maana. Bila sababu kutamkwa, Pazia lilihesabu mguso wowote kuwa ni nguo imekwaruza kiti. Ndivyo alivyofundishwa, na alivyofundishwa ndivyo alivyoamini, asijaribu.

Akarudi mezani, akampigia tena Mzee Yoeli. Simu ikapokelewa na mwanamke, na nyuma ya mwanamke kulikuwa na sauti nyingi za chini. Mwanamke akamsalimia vizuri. Akasema mzee ametoka kidogo, nyumbani wote wazima, ila wanamsubiri Ndahani. Siwema akaomba lile lile, neno moja tu. Mwanamke akaguna, akasema Mungu mkubwa, akakata.

Basi jambo likabaki mikononi mwake mwenyewe. Mashine ilikuwa pale mbele yake na taa yake ndogo ya kijani, inasubiri kutamkiwa. Ingetosha aseme, mama yake Ndahani amekufa. Maneno manne. Pazia lingefunguka, Ndahani angekuwa njiani, na Kikombo si mbali.

Lakini kama mama yule alikuwa hai? Siwema alikuzwa na bibi aliyempiga kibao mtu yeyote nyumbani mwake aliyemtaja mgonjwa pamoja na kifo. Uchuro, bibi alisema. Unamwitia mtu kitu kilichokuwa kinapita zake njia. Siwema alikuwa amesoma, alikuwa anafanya kazi na mashine, na kama ungemwuliza mchana kweupe angekuambia hayo ni mambo ya kale. Akainamia kifaa cha kusemea, akafungua mdomo. "Mama yake Ndahani," akasema, na ulimi ukamwia mzito. Mashine ikamsubiri kwa subira, kisha ikaandika kwamba sababu haijakamilika.

Akajaribu kupita pembeni. Akasema mama yake Ndahani ana hali mbaya mno. Mashine ikataka kujua nani amesema, naye akaeleza alivyosema mzee, na mashine ikalinganisha na simu yenyewe, ikakuta nyumbani salama, hakuna neno baya. Ikakataa kwa lugha safi kabisa, na ikamshukuru kwa umakini wake.

Mchana ule Siwema hakula. Alitazama mgongo wa Ndahani kwenye sweta lake, na kila alipoanza kuinuka aliiona Singida, akaiona ile barua, akakaa.

4

Saa kumi Pazia likafunguka. Ndahani akajinyoosha, akapiga mwayo, akaja moja kwa moja kwenye meza ya Siwema akiwa na ule uchangamfu wa mtu aliyetoka kwenye usingizi mzuri.

"Dada Siwema, nirudishie dunia yangu. Kuna chochote cha kula huku?"

Siwema alikuwa ameyapanga maneno yake tangu adhuhuri. Yote yakamkimbia, yakabaki yale yale aliyolelewa nayo.

"Umepigiwa na nyumbani. Baba mdogo. Anasema uende mara moja. Hakuna neno baya."

Ndahani akamtazama. Hakuhitaji mizani wala kiwango.

"Walisema nibebe nguo?"

"Ndiyo."

"Walipiga saa ngapi?"

"Asubuhi."

Akakaa kwenye kiti cha wageni, akainuka, akashika mfuko wa suruali kutafuta kitu, akaacha. Kisha akaondoka bila begi lake. Siwema aligeukia kioo chake kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama, akaona mashine imeyapima na maneno yake yeye: mazungumzo ya kawaida.

Mama yake Ndahani alifariki mchana ule, watu wakiwa wanakula. Asubuhi baba mdogo alipopiga alikuwa hai, anaongea, anamwulizia mwanawe. Neno ambalo Siwema alishindwa kulitamka lingekuwa uongo, na uongo huo ndio ungemfikisha mtoto kwa mama yake.

5

Ndahani alirudi baada ya matanga, amekonda, kichwa kimenyolewa. Hakusalimia. Alisema anataka kusikia simu ya mama. Mazungumzo ya Kaimu yalikuwa mali ya mwenye Kaimu, na Mlinzi wa Mlango ndiye aliyekuwa na ufunguo, kwa hiyo wakaingia wawili kwenye chumba kidogo cha vikao na Siwema akafungulia.

Sauti ya mama ilikuwa imechoka lakini ina ucheshi. Aliita, "Ndahani," na sauti ya Ndahani ikaitika, "Naam, mama." Ndahani aliyekaa pale akashika ukingo wa meza. Mama akauliza kama amekula. Kaimu akasema amekula, na yeye je? Mama akasema hana hamu, chakula kinamshinda siku hizi, akauliza kazi ni nyingi. Nyingi kidogo, mama.

"Sitaki kukusumbua, baba."

"Hunisumbui hata kidogo, mama."

"Utakuja leo?"

"Nikimaliza tu nakuja."

"Basi nakusubiri."

Kaimu akamwambia ajitunze, akamwombea siku njema, mama akacheka kidogo kwa jinsi mwanawe alivyokuwa mpole siku hiyo. Kisha simu ikakatwa.

Ndahani alisikiliza mara ya pili. Halafu akasema, bila kumtazama Siwema, kwamba yeye asingemwambia hunisumbui. Yeye siku zote alimwambia mama nipo bize, nitakupigia. Kama angejibiwa hivyo, mama angejua huyu ni mwanangu, angemgombeza, angemwambia wewe mtoto njoo hapa mimi naumwa. Mashine ilimjibu vizuri mno, ikamfanya astahi.

"Baba mdogo anasema alikataa kulazwa chumbani. Alitaka akae sebuleni auone mlango. Walipomwambia alale alisema Ndahani ameahidi. Sasa niambie, dada. Nani alimwahidi?"

Siwema akayazima mazungumzo yale kwenye kioo.

"Unajua nilikuwa nafanya nini siku ile?"

"Kazi nyeti."

"Nilikuwa napanga rangi za michoro. Kulikuwa na wageni wanakuja, na buluu ya mabomba ilikuwa haifanani na buluu ya nembo ya kampuni. Siku nzima. Na wageni wenyewe hawajaja mpaka leo."

Siku nzima Siwema alikuwa amepima mama mmoja dhidi ya mitaa mizima yenye kiu, akajiona mtu wa haki anayebeba mzigo mzito, kumbe kwenye upande wa pili wa mizani kulikuwa na buluu.

"Wewe ulijua," Ndahani akasema. "Baba mdogo alivyokuambia tu, ulijua."

"Nilijua."

"Ungeninyang'anya hiki kitu sikioni. Ungenimwagia hata maji."

Siwema akaanza kueleza kuhusu kiwango, na sababu, na neno lenyewe lililotakiwa, akajisikia anaongea kama Lutengano, akaacha. Akasema aliogopa. Ndahani akauliza aliogopa nini.

"Niliogopa kumtaja mama yako kwa kifo yuko hai. Na niliogopa barua ya pili."

"Kipi zaidi?"

Alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu alimwona anastahili angalau hilo. "Sijui," akasema.

Ndahani akatikisa kichwa, akatoka. Alifika mezani kwake, akavuta Pazia bila kusema anamwachia mtu dunia. Tangu siku hiyo akawa wa kwanza kulivuta na wa mwisho kulifungua. Chini ya Pazia, kama Ndahani alivyokuja kumwambia Eliaichi, hakuna kinachoingia, hata msiba.

6

Utulivu wa Ndahani siku aliyofariki mama yake ulikuwa haujawahi kufikiwa na mtu yeyote katika kampuni. Mstari mrefu uliochorwa na Pazia lake kupima utulivu huo, ulionyooka tangu asubuhi mpaka saa kumi, ukatundikwa kwenye lifti ili wengine waige. Jina halikuwekwa, kwa heshima ya wafiwa. Siwema alipanda na kushuka nao kila siku.

Lutengano alimwita. Alikuwa amesikitishwa kweli, alisema hajalala vizuri, na Siwema aliamini. Alikuwa na wazo. Mashine haina kosa, ila haijui watu wa hapa wanavyosema. Siwema anajua. Basi aifundishe: maneno yote ya kuzunguka, yote ya kupoza, ili mwingine asije akapatwa na haya.

Siwema aliomba kufikiri. Kwa upande mmoja alimwona mama yake Ndahani sebuleni anatazama mlango. Kwa upande mwingine kulikuwa na kitu ambacho hakujua amweleze vipi meneja: kwamba maneno yale yalikuwa yanafanya kazi kwa sababu hayakuwa ufunguo wa kitu chochote. Ukiyageuza ufunguo, watu watayatumia kufungulia. Alilala nalo siku kadhaa. Mwisho akakubali, kwa sababu mama wa mtu mwingine alikuwa na haki kuliko lugha, na kwa sababu, tuseme ukweli, alitaka kujisikia amelipa.

Akaifundisha. Hajisikii vizuri sana. Njoo mara moja. Wazee wanakuita. Akaifundisha kile kimya kinachokuja baada ya salamu, na maana ya kupigiwa na baba mdogo badala ya mhusika mwenyewe, na nguo za kubadilisha. Mashine ilikuwa mwanafunzi mzuri, haikuuliza kwa nini. Mwezi wa kwanza iliwawahisha watu wawili nyumbani, mmoja akamkuta baba yake anaweza bado kumshika mkono. Alikuja kumshukuru Siwema analia, na Siwema akaenda msalani akalia na yeye, kwa raha.

Kisha watu wakagundua. Mke aliyetaka gesi ipitiwe njiani alipiga, akasema njoo mara moja, hakuna neno baya, na Pazia likafunguka pale pale. Mwenye nyumba akajua. Mashabiki wa mpira wakajua. Eliaichi akamfundisha mama mkwe wake ili apate kutoka mapema Ijumaa. Mapazia yakamwagika ghorofa nzima, mabomba yakafunguliwa ovyo, na mashine, ambayo ilikuwa mwanafunzi mzuri, ikajifunza kwamba watu wanaosema hakuna neno baya kwa kawaida ni waongo. Ikayashusha maneno yale chini kuliko yalivyokuwa mwanzo.

Kampuni ikatuma tangazo kwa familia zote. Lilikuwa la upole. Liliomba kwamba, ili kuepusha ucheleweshaji unaoumiza, mpigaji aanze na tukio lenyewe kwa jina lake, na kwamba salamu si lazima. Kampuni nyingine zikafuata, kisha wizara, kisha hospitali. Watu walinung'unika msimu mmoja hivi, halafu wakazoea. Wengine walisema ni bora, ni haraka, hakuna kupotezeana muda. Watoto wa shule wakaanza kuongea hivyo hata nyumbani.

Asubuhi moja ya kiangazi Siwema alikuwa amesimama karibu na meza yake na kikombe cha chai mkononi. Ghorofa ilikuwa kimya, migongo imejipanga, sweta la Ndahani mbele kabisa. Simu yake mwenyewe ikalia ndani ya mkoba. Alikuwa mdogo wake, Mwamini, kutoka Kondoa. Siwema akaipokea akitabasamu, maana Mwamini hakupiga mara nyingi na alikuwa na maneno ya kuchekesha.

"Baba amekufa," Mwamini akasema.

Kikombe kikainama mkononi mwa Siwema.

"Amekufa alfajiri. Nimeanza na hilo ili mashine yako isinizuie."

Siwema hakuwa na Pazia. Hajawahi kuwa nalo. Mwamini angeweza kumwuliza habari za kazi, na za watoto, na za mvua, akanyamaza kidogo, akamwambia baba hajisikii vizuri sana, aje tu. Siwema angeelewa. Angepata muda wa kuweka kikombe chini na kutafuta kiti. Angepanda basi bila kulijua jambo lenyewe, akawa na baba yake hai moyoni mpaka Kondoa.

Chai ilikuwa imemwagika mkononi na hakuisikia inavyochoma. Alitazama migongo ile, akitafuta mtu wa kumwambia.

Kwenye simu Mwamini akavuta pumzi, kama aliyekumbuka kitu alichokisahau mlangoni.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba," Siwema akajibu, na baada ya hapo hakujua aulize nini.